Uyoga wa Mama Véro

Simu ilimkuta Musoki amepiga magoti mlangoni, anamfunga binti yake Annie vifungo vya blauzi nyeupe ya shule. Ilikuwa bado kidogo saa moja asubuhi. Aliliona jina la Patron, bosi wake, kwenye kioo, akaibana simu kwa bega, mikono bado iko kwenye vifungo.

"Mama Annie, uko wapi?"

"Niko ku nyumba, Patron. Niko natengeneza batoto ya masomo."

"Kuya sasa. Usipite ku soko, usiongee na muntu." Sauti ya Patron Donatien ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea huku mtu mwingine anamsikiliza. "Monsieur Théodore, ule mugeni ya jana, iko ku lopitali tangu quatre heures ya usiku. Iko natapika damu. Balinzi yake banasema ni buyoga yetu."

Kifungo cha mwisho kilimteleza Musoki. Annie aligeuka kumtazama.

"Na bazungu benye alikuwa nao?" Musoki aliuliza.

"Bale balikula nyama. Yeye peke yake njo alikula samaki ya kapiteni na buyoga. Unasikia? Yeye peke yake." Patron alishusha sauti zaidi. "Kule Ubelgiji, ku Liège, nilikuwa naonaga. Buyoga mubaya inakawiyaka. Muntu analala muzuri, kesho yake njo anaanza. Kuya."

Simu ikakatika. Musoki alibaki amepiga magoti. Yeye peke yake, Patron alisema. Lakini haikuwa yeye peke yake.

Huko kazini kwake, mkahawa wa Le Romarin, kulikuwa na sheria moja iliyobandikwa jikoni kwa herufi kubwa: hakuna chakula kinachotoka nje ya geti, hata kipande cha mkate. Wageni waliofika Bunia kwa ndege, watu wa mashirika, wanunuzi wa dhahabu, wakubwa kutoka Kinshasa, walikula pale samaki wa ziwani aliyepikwa Kifaransa, kwa siagi na divai nyeupe, sahani zikiwa na maua pembeni. Kilichobaki kwenye sufuria kilikwenda pipani. Musoki aliitii sheria hiyo miaka miwili. Mwaka wa tatu alianza kubeba, mara moja moja, ndani ya kopo la majarini lililofungwa kwa kitenge. Jana alibeba sosi ya uyoga iliyobaki, karibu kopo zima. Waliila na bugali saa kumi na mbili jioni.

"Kuko nini?" Zacharie, mume wake, alikuwa anapiga pasi shati lake juu ya meza. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne, na hata nyumbani alizoea kuuliza mara moja tu, kisha kungoja jibu.

"Ile sosi ya jana. Nani hakukula?"

Mama yake Zacharie, ambaye nyumba nzima ilimwita Koko, alicheka kutoka kwenye kiti chake cha mianzi. "Nani angekataa? Miye nililamba hata kopo."

Hakuna mwingine aliyecheka. Musoki aliwaeleza kwa maneno machache. Alipofika kwenye neno damu, Zacharie aliinua pasi, akaisahau hewani.

"Alikula saa ngapi, huyo mukubwa?"

"Une heure."

"Na akaanza quatre heures." Zacharie alihesabu kwa vidole, toka saa saba mchana hadi saa kumi alfajiri, midomo ikicheza, kama anavyowafundisha wanafunzi wake. "Ni masaa kumi na tano. Siye tulikula six heures ya mangaribi." Sauti yake sasa haikuwa ya mwalimu. "Itakuwa neuf heures. Mama Annie, itakuwa neuf heures ya lelo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa moja na dakika tano; neuf heures, saa tatu kamili, ilikuwa karibu. Mtoto wao mdogo, Aimé, mwenye miaka mitano, alikuwa sakafuni anavuta gari lake la kopo kwa uzi, anatoa mlio wa injini kwa mdomo.

"Mama," Annie alisema, "tumbo inaniuma."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu sasa."

Hawakujua kama ni ugonjwa au ni yale aliyoyasikia. Zacharie alivaa shati lililopigwa pasi nusu. "Nabapeleka bote ku kituo cha afya. Nitasema balikula buyoga."

"Sema ya ku soko," Musoki alisema haraka. "Baba Annie, nakuomba. Usiseme ya ku restora."

Zacharie alimtazama kwa hasira ambayo hakuwahi kumwonyesha mbele ya mama yake. "Batoto banaweza kufa, na weye unaogopa kazi?"

"Siogope kazi. Naogopa ile neno. Naogopa muntu aseme sumu."

Zacharie naye alilijua neno hilo. Mjini pale, likishatamkwa, halikuhitaji daktari wala hakimu. Mwaka uliopita, mitaa mitatu kutoka kwao, nyumba ya mjane mmoja ilibomolewa mchana kweupe kwa sababu mpangaji wake aliamka amevimba mdomo. Na wao walikuwa watu wa kuja, Wanande waliokimbia mauaji ya Beni na watoto mgongoni. Hapa mtu akikosa, watu walitaka kwanza kujua ametoka wapi.

"Nitasema ku soko," alisema Zacharie. Akamwinua Aimé pamoja na gari lake.

*

Geti la Le Romarin lilikuwa limefungwa na askari mmoja mwenye bunduki alisimama hapo. Ndani, meza zilikuwa tayari zimetandikwa vitambaa vyeupe vya mchana. Patron Donatien alisimama karibu na kaunta katika vazi lake jeupe la mpishi mkuu, mikono nyuma. Mireille, msichana anayehudumia meza, alikuwa anapangusa glasi ile ile tena na tena.

Katikati ya ukumbi aliketi mlinzi wa Monsieur Théodore, mwanaume mwembamba, koti la suti juu ya jinzi, anakunywa kahawa. Monsieur Théodore alikuwa mshauri wa waziri fulani, na mlinzi wake alikuwa na adabu ya watu waliozoea kuogopwa. Alimwonyesha Musoki pa kusimama.

"Ni weye njo ulipika?"

"Ndiyo, Monsieur."

"Leta sakoshi."

Alimwaga vilivyomo juu ya kitambaa cheupe: Biblia ndogo, kipande cha sabuni, leso, soksi moja ya Aimé, dawa ya kichwa. Dawa aliitazama pande zote mbili, akavunja kidonge kimoja, akakinusa. Kisha akaanza kuuliza, akitua katikati ya maswali. Kabila lake? Mume wake anafanya nini? Nani alimtuma? Amewahi kufanya kazi kwa nani? Ana ndugu porini, kwa waasi? Musoki alijibu yote. Kila jibu lilipotoka, alimtazama Patron amsaidie hata kwa neno moja, aseme kwamba huyu nimemfundisha mwenyewe miaka mitatu, ni mkono wangu wa kuume. Patron alitazama sakafu. Alikuwa anawaza juu ya wageni kumi na wanne walioshika meza za Ijumaa, na juu ya miaka ishirini aliyopika katika majiko ya watu kule Ubelgiji ili apate hili la kwake. Na alikuwa anaogopa kuliko Musoki alivyodhani.

"Buyoga, nani alikuuzisha?"

"Mama moja."

"Jina yake?"

"Sijue, Monsieur."

Alilijua. Mama Véro, Véronique, mwanamke wa Djugu aliyeishi katika kambi ya waliohamishwa na vita, site kama walivyoiita, nje ya mji. Alikuwa na shamba huko kwao, na nyumba ya mabati. Sasa alizunguka kwenye vichuguu mvua ikinyesha, akichuma uyoga kama mama yake alivyomfundisha, katika vichaka ambavyo hata wanaume waliviogopa. Kila alipouleta aliufunika kwa majani ya migomba, na hakuwahi kuchanganya uliooza.

"Ni mama wa site," Patron alisema ghafla. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Anakuyaka ku mulango ya nyuma, kila mercredi na jeudi."

Mlinzi aliweka kikombe chini. "Lelo ni siku gani?"

Ilikuwa Alhamisi, jeudi yenyewe, na wote walijua.

"Buyoga ilibakia?"

"Iko mu frigo," Patron alisema.

"Basi apike. Ile ile ya jana. Akule hapa, mbele yangu."

Musoki alipika. Alikata kitunguu kidogo, akayeyusha siagi bila kuiacha ibadilike rangi, akamimina divai, akangoja ipungue. Mikono yake iliifanya kazi bila yeye. Masikio yake yalikuwa kwenye mfuko wa kitenge mlimokuwa na simu. Simu haikulia. Alipochukua kisu kuukata uyoga aliutazama kama hakuwahi kuuona: mweupe, mgongo wa kahawia, mguu mrefu kama mzizi. Hivi ndivyo ulivyokuwa jana? Wote? Jana kulikuwa na haraka, wageni walikuwa wengi, na kikapu alikimimina kwenye maji bila kuutazama uyoga mmoja mmoja. Hakuwa na uhakika.

Walimketisha kwenye meza ya jana, kiti cha Monsieur Théodore. Mireille alileta sahani kwa mikono miwili, na kwa mazoea akasema, "Bon appétit," kisha akajishika mdomo. Miaka mitatu Musoki hakuwahi kuketi katika ukumbi ule. Kiti kilikuwa laini mno, uma ulikuwa mzito. Saa juu ya kaunta ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi.

Alitafuna. Aliona ladha ya siagi, na chumvi kidogo aliyozidisha. Mlinzi alikuwa anamtazama koo. Kila alipomeza, macho yake yaliteremka naye.

"Yote," alisema mlinzi. "Na sosi."

Musoki alikuwa anapangusa sahani kwa mkate wakati mlango wa jikoni ulipofunguka, na askari akamwingiza Mama Véro na kikapu chake kichwani. Hakuwa ameambiwa lolote. Miguu yake ilikuwa na tope hadi magotini, na kwa kuwa alimwona mtu anayemjua ameketi kwenye meza ya wakubwa, alitabasamu.

"Eeh, Mama Annie! Lelo weye njo mugeni?"

"Ni huyu?" mlinzi aliuliza.

Musoki aliliona tabasamu la Mama Véro linapungua, akaona macho yake yanakwenda kwa bunduki, kwa Patron, na kurudi kwake. Alisimama. Alijua kwamba baada ya sentensi hii kazi haipo tena.

"Monsieur, buyoga yake ni muzuri. Batoto yangu balikula jana mangaribi, na mama-mukwe, na bwana yangu. Ile ile sosi. Mpaka asubui beko bazima."

"Balikula wapi?" Patron aliuliza.

"Nilibeba, Patron."

"Ulibeba." Patron alilirudia neno kama mtu aliyepigwa kofi. "Kumbe ulikuwa unabebaka."

Simu ikalia.

Mlinzi alinyoosha mkono juu ya meza, akaichukua, akabonyeza sauti ya nje. Ilikuwa saa tatu na dakika chache. Sauti ya Zacharie ilijaa ukumbini, nyuma yake kilio cha mtoto.

"Mama Annie? Kuya mbio. Annie anaanza kutapika. Anatapika sana. Kuya."

Kitu fulani ndani ya Musoki kilivunjika hapo, na kilichotoka mdomoni mwake hakukipanga. Alimgeukia Mama Véro na kumwonyesha kidole.

"Umetuua! Mama Véro, umeniulia batoto! Ni nini nilikukosea?"

"Miye?" Mama Véro alisema. "Mama Annie, miye?"

Askari alikuwa amekwisha kumpiga kitako cha bunduki. Kikapu kilianguka, uyoga ukatawanyika chini ya meza nyeupe, na buti ikaukanyaga. Musoki alikimbilia mlangoni. Hakugeuka nyuma, lakini aliisikia sauti ya Mama Véro hadi barabarani, haimlaani, inaomba tu: "Angalia muzuri mbele ya kusema! Mama Annie, angalia muzuri!"

Watu wawili waliokuwa wamesimama getini walikuwa wameyasikia yote. Mmoja wao alikuwa na pikipiki. Aliiwasha na kuondoka, na alilipeleka lile neno alikolipeleka.

*

Kituo cha afya kilinuka dawa ya sakafu. Annie alikuwa amelala kitandani, midomo na blauzi yake nyeupe vimekuwa vyeusi tii, na kwa nukta moja Musoki alidhani ndivyo kifo hicho kilivyo.

"Ni makala, makaa tu," alisema muuguzi, mwanamke mnene aliyeitwa Geneviève. "Tulibanywesha bote unga ya makala ya dawa, ivute sumu kama iko. Yeye njo tumbo ilikataa. Na angalia hapa." Alimwonyesha kipimo kidogo chenye mistari miwili. "Palu. Iko na malaria, Mama, na inaonekana ni ya siku mbili tatu. Hakuwambiaka kama kichwa inamuuma?"

Annie hakuwaambia. Alhamisi kulikuwa na mazoezi ya kwaya shuleni, hakutaka kukosa.

"Na bengine?"

Wengine walikuwa nje. Koko alikuwa amesinzia kwenye benchi. Aimé, mdomo mweusi, alikuwa anavuta gari lake kwenye kokoto na kuuliza lini watakula. Zacharie aliketi akishika saa yake mkononi, ameivua ili aitazame vizuri: saa nne kamili.

"Ni dix heures," alisema. "Imepita. Saa moja mzima imepita, Musoki."

Musoki aliketi chini, kwenye udongo, akalia bila sauti. Zacharie aliweka mkono kichwani pake. Walikaa hivyo hadi alipoweza kuongea, na jambo la kwanza alilolisema lilikuwa: "Nilimuita muuaji."

"Nani?"

Akamweleza. Zacharie alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mwoga, na alijijua. Walinusurika Beni kwa sababu yeye aliogopa mapema kuliko majirani. Alisema, "Basi inabidi urudi."

"Bakinifunga?"

"Sijue. Lakini kama unangoja mpaka midi ya muchana, hautamukuta muzima."

Musoki aliingia kwa muuguzi na kumwomba aandike: watu wanne, waliokula uyoga ule, saa fulani, hakuna hata mmoja mwenye dalili ya sumu, mtoto mmoja ana malaria. Geneviève aliitoa kalamu, akairudisha mfukoni.

"Mulisema ilikuwa ya ku soko."

"Tulidanganya. Ni ile ya ku restora, yenye Monsieur Théodore alikula."

"Na huyo mugeni ni mukubwa wa Kinshasa. Mama, miye niko na batoto kama weye. Sipende jina yangu ingie mu mambo ya bakubwa."

"Kuko mama moja banamufungia pale. Ni miye njo nilimusemea mubaya."

Geneviève aliitoa kalamu tena. Kisha aliandika mistari mitatu, haraka, kama anayetaka imalizike kabla hajabadili mawazo, akagonga muhuri. Muhuri ulitoka umepinda.

*

Watu walikuwa wameshafika thelathini au zaidi mbele ya geti la Le Romarin. Wengi walikuwa vijana wa pikipiki, na wanawake wachache waliosimama ng'ambo, mikono vifuani. Yule askari alikuwa amerudi nyuma ya geti na kulifunga. Mtu alikuwa anapiga mabati kwa jiwe, polepole, bila kuchoka.

"Mutoe huyo mama! Mutoe muloga wenu!"

"Alikwisha kuua batoto babili," mwanamke mmoja alimweleza Musoki, bila kujua anamweleza nani. "Batoto ya mupishi. Banasema beko tayari ku morgue."

Musoki alilisikia hilo. Ni yeye aliyelisema hilo neno, na saa moja na nusu tu ilikuwa imelifikisha mochari. Alijipenyeza hadi getini, akageuka, mgongo wake ukagusa mabati. Alitaka kupaza sauti, lakini iliyotoka ilikuwa nyembamba.

"Miye njo mupishi."

Aliyekuwa na jiwe aliacha kupiga.

"Batoto yangu beko bazima. Hawakufa. Mutoto yangu mukubwa iko na malaria, na karatasi ya muganga njo hii. Yule mama hakufanya kitu. Miye nilisikia mutoto anatapika, nikaogopa, nikasema uongo."

"Walikulipa ngapi?" mtu alifoka.

"Weye ni wa kabila gani?" mwingine aliuliza. "Weye ni Munande. Unamusimamia huyo wa Djugu juu ya nini?"

"Juu nilimusemea uongo! Kama munataka kupiga muntu, basi mupige mwenye alidanganya. Ni miye."

Bonge la tope lilimpata begani. Hakuondoka, si kwa ushujaa. Mbele yake kulikuwa na watu, na nyuma geti limefungwa. Mzee mmoja alichukua ile karatasi, akaisoma taratibu kwa sauti, neno kwa neno, hadi muhuri. Aliposoma "malaria", baadhi walitazamana, kwa sababu hakuna kati yao ambaye hakuwa na mtoto wa malaria nyumbani.

Kabla hawajaamua, geti lilifunguka na gari la mlinzi likatoka. Simu ilikuwa sikioni pake. Alishusha kioo kidogo, akasema kwa Kifaransa, bila kumlenga mtu, kwamba daktari ameona: Monsieur Théodore ana kidonda cha tumbo cha zamani, kimepasuka, na alikatazwa pombe tangu mwaka jana. Kioo kikapanda. Gari likapita katikati ya watu na kurusha vumbi. Vijana wa pikipiki waliondoka mmoja mmoja, wamenuna, kama watu walioitwa kwenye mechi ikaahirishwa.

Mama Véro alikuwa katika stoo ya unga. Mireille ndiye aliyekuwa na ufunguo, na alilia alipokuwa anaifungua. Mama Véro aliketi kwenye gunia, jicho moja limefumba kwa uvimbe, kitenge chake kimelowa mkojo kwa mbele. Alikuwa amezisikia kelele za getini saa nzima. Alipowaona alivuta miguu ajifiche.

Musoki aliingia jikoni, akachukua aproni yake nyeupe kwenye msumari, akarudi, akamfunga kiunoni bila kusema kitu. Mama Véro alimwachia amfunge. Hakumtazama.

Patron Donatien aliwangoja kwenye korido. "Mama Annie," alisema, "ile ya kubeba chakula, siwezi kuisahau. Unaelewa? Sheria ni sheria." Alijikohoza. "Lakini vendredi niko na bantu kumi na ine, na hakuna mwenye anajua ile sosi. Kuya vendredi. Kisha tutaona."

"Patron, mupatie huyu mama maji."

"Kisha tutaona," Patron alirudia, na akaenda kumwambia Mireille akusanye uyoga chini ya meza kabla ya wageni wa mchana.

*

Jumamosi Musoki alikwenda kambini. Ijumaa alikuwa amepika sahani kumi na nne, akaondoka mikono mitupu, na Patron hakusema kama arudi Jumatatu. Aliuliza kibanda cha Mama Véro mara tano kabla ya kuonyeshwa. Ilikuwa hema ya plastiki kati ya hema nyingi, mawe yamewekwa pembeni ili upepo usiichukue. Mama Véro alikuwa ameketi mlangoni juu ya mkeka, anachambua maharagwe. Jicho lilikuwa limefunguka nusu. Hakuonekana kushangaa, wala hakusema karibu.

Musoki alisimama.

"Mutoto iko aje?" Mama Véro aliuliza, macho kwenye maharagwe.

"Anapona. Anakula."

"Ni muzuri." Alitupa punje mbovu pembeni. "Nikuulize kitu moja, Mama Annie, na usinidanganye. Kama muganga angekuambia mutoto iko nakufa, ungerudi kunitoa mule ndani?"

Hema ya jirani ilikuwa na redio. Watoto walikuwa wanagombania kibuyu cha maji. Musoki alilitafuta jibu la kumfariji, akaliona, akaliacha.

"Apana," alisema. "Singerudi. Ningebaacha bakuue."

Mama Véro aliitikia kwa kichwa, kidogo, mara kadhaa.

"Mule ndani nilikuwa naomba Mungu," alisema. "Niliomba sana. Nilisema, Mungu, huyu mutoto apone, apone, asikufe. Unajua niliomba juu ya nani?" Sasa ndipo alipoinua uso. "Sikuomba juu yake. Hata jina yake sikuikumbuka. Niliomba juu ya ngozi yangu."

Mama Véro alisogea kwenye mkeka, akamwachia nafasi ya mtu mmoja, na kuusukuma ungo wa maharagwe katikati. Musoki alivua viatu, akaketi, akaanza kuchambua.